Ngazi ya Dagoretti: Historia ya Uanagenzi katika Taaluma ya Hali ya Hewa Afrika Mashariki

Historia ya taaluma ya hali ya hewa katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kama historia ya vyombo na ya taasisi, yaani kipimamvua cha kwanza kilisimikwa wapi, idara ipi iliundwa kwa sheria ipi, na rada ilifika mwaka gani. Maelezo ya namna hiyo hayakosi ukweli, lakini yanaacha nje jambo ambalo pasipo hilo vyombo vyote hivyo vingebaki mapambo, nalo ni namna kijana asiyejua kusoma anga alivyowekwa kando ya mtu aliyeijua, akaangaliwa, akasahihishwa, na hatimaye akaachiwa zamu peke yake. Kazi ya hali ya hewa ina daraja mbili kubwa: uangazi, yaani kutazama na kupima hali ya anga kwa saa maalumu na kuiandika, na utabiri, yaani kuzikusanya taarifa za waangazi wengi na kuamua anga litakuwaje kesho au msimu ujao. Kati ya daraja hizo mbili pana ngazi, na hoja ya makala haya ni kwamba katika kila kipindi cha historia hiyo kilichoamua hatima ya taaluma hakikuwa wingi wa vyombo bali uzima wa ngazi hiyo: kama mwangazi aliweza kuipanda, nani alimshika mkono, na ni wakati gani ngazi yenyewe ilikatwa katikati.

Kabla ya idara yoyote kuwapo, elimu ya anga katika mwambao ilikuwa tayari na utaratibu wake wa kurithishana. Biashara ya majahazi kati ya pwani ya Waswahili, Uarabuni na Bara Hindi ilitegemea pepo mbili, kaskazi ivumayo takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kusi ivumayo katikati ya mwaka, na nahodha aliyekosea majira alijikuta amekwama bandari ya ugenini kwa miezi kadhaa au amekutwa na bahari chafu ya kusi kali. Hesabu ya majira iliwekwa kwa mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, ambao siku zake ziligawanywa katika miongo, kila mwongo ukiwa na siku kumi, na hesabu hiyohiyo ndiyo iliyomwongoza mkulima wa Unguja na Pemba katika kupanda. Maandishi ya elimu ya bahari yalikuwapo, na ya Ahmad ibn Majid wa Julfar, mwanamaji wa karne ya 15 aliyeeleza njia za bahari mpaka Sofala, ni miongoni mwa yanayojulikana zaidi. Hata hivyo baharia wa kawaida hakuipata elimu hiyo kitabuni. Aliingia chomboni akiwa mtoto wa kupika na kukumba maji, akapanda hadi ubaharia, wachache wakafika usarahangi, na wachache zaidi unahodha, na katika kila hatua alijifunza rangi ya mawingu na harufu ya upepo kwa kukaa karibu na aliyemtangulia.

Bara nako kulikuwa na utaratibu wa aina yake. Mfano uliochunguzwa sana ni ule wa ukoo wa Nganyi wa Bunyore, katika Kaunti ya Vihiga magharibi mwa Kenya, ambako wazee husoma dalili za mvua katika kupukutika na kuchipua kwa miti ya misitu yao mitakatifu, katika mienendo ya wadudu na ndege, na katika mwelekeo wa upepo, na ambako elimu hiyo hukabidhiwa ndani ya ukoo kwa vijana waliochaguliwa na kuangaliwa muda mrefu. Ukoo huo utarejea katika maelezo haya, kwa kuwa karne moja baadaye wataalamu wa idara ya serikali walikwenda kuketi nao.

Uangazi wa kutumia vyombo uliingia vipandevipande. Zanzibar ilikuwa na vipimo tangu karne ya 19, vikichukuliwa na maofisa na madaktari wa Kiingereza, na katika koloni la Wajerumani huduma ya hali ya hewa iliendeshwa kutoka Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20, huku vituo vya misheni, ngome za serikali na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Amani, iliyoanzishwa milimani Usambara mwaka 1902, vikipeleka takwimu zao huko. Katika kipindi hicho hapakuwa na mafunzo yanayostahili jina hilo. Padri au bwana shamba alipewa kipimamvua pamoja na karatasi ya maelekezo, na mara nyingi kazi yenyewe ya kwenda kukisoma kila asubuhi iliangukia mikononi mwa karani, mwanafunzi wa misheni au mtumishi wa nyumbani, ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Mwaka 1929 ndipo ilipoundwa Huduma ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ya Uingereza, makao yake yakiwa Nairobi, ikihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mkurugenzi wake wa kwanza, Albert Walter, alitoka Mauritius, ambako alikuwa ameongoza kituo cha uchunguzi wa anga cha Royal Alfred na kujijengea sifa kwa kulinganisha takwimu za mvua na mavuno ya miwa. Walter alikuwa mtu wa takwimu kuliko mtu wa utabiri wa kila siku, na huduma aliyoijenga ilifuata silika yake: alisambaza mtandao mpana wa vipimamvua vilivyosomwa kwa kujitolea na wakulima walowezi, wamisionari, maofisa wa wilaya na mabwana stesheni wa reli. Daftari hizo zimekuwa hazina, kwani bila hizo mtafiti wa leo asingeweza kusema lolote la uhakika kuhusu ukame wa miaka ya 1930 au ya 1940. Lakini mtandao wa kujitolea haukuwa na ngazi. Aliyesoma kipimamvua hakutarajiwa kujua chochote zaidi ya kusoma kipimamvua.

Kilicholazimisha kuwapo kwa waangazi wa kuajiriwa, tena waliofunzwa, ni usafiri wa anga. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua njia iliyoshuka kutoka Misri hadi ukanda wa Ziwa Victoria, mwaka uliofuata njia hiyo ikafika Cape Town, na mnamo 1937 ndege zinazotua majini zilikuwa zikipitia Kisumu na Mombasa zikielekea kusini hadi Durban. Rubani hakuhitaji jumla ya mvua ya mwezi. Alihitaji kujua saa hiyohiyo mawingu yako kimo gani juu ya Kisumu, upepo unatoka wapi, na mtu anaweza kuona umbali gani. Taarifa za namna hiyo haziwezi kungoja mwisho wa mwezi wala haziwezi kutolewa na mtu anayebahatisha, hivyo vituo vya kudumu vilifunguliwa, vikawekewa watu wa zamu, na watu hao wakaanza kufundishwa.

Mafunzo yenyewe yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu mengi yake yamebaki yaleyale katika vituo vya uangazi hadi kizazi cha hivi karibuni. Kiini cha kituo ni uwanja wa majani uliozungushiwa uzio, na ndani yake kibanda cheupe cha mbao chenye kuta za vibao vilivyoinamishwa ili hewa ipite na jua lisiingie, kinachoitwa kibanda cha Stevenson kwa jina la mhandisi Mskoti Thomas Stevenson aliyekibuni. Mahali pengine duniani mlango wa kibanda hicho huelekezwa upande mmoja tu usiopigwa na jua, lakini katika nchi za tropiki jua hupita kaskazini ya kituo sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine, kwa hiyo kibanda huhitaji milango miwili, na mwanagenzi alipaswa kujua ufunguliwe upi na katika mwezi gani. Ndani yake mlikuwa na vipimajoto vinne: kikavu, chenye utambi uliolowa, cha joto la juu kabisa la siku, na cha joto la chini kabisa. Kusoma chombo kunaonekana kuwa jambo jepesi mpaka mtu anapojaribu. Jicho likikaa juu au chini ya usawa wa zebaki, tarakimu ya mwisho inapotoka; mtu akichelewa mbele ya kibanda, joto la mwili wake linapandisha kipimo; utambi ukiingia vumbi au ukilowekwa kwa maji yenye chumvi, unyevunyevu wote wa siku hiyo unakuwa uongo.

Anga lilikuwa gumu zaidi, maana wingu halina tarakimu. Mwangazi alitakiwa kukadiria ni sehemu ngapi kati ya nane za anga zimefunikwa, kutaja aina ya mawingu ya chini, ya kati na ya juu, na kukisia kimo cha vitako vyake, na njia pekee ya kuyajua hayo ilikuwa kusimama nje na aliyeyajua, kila mmoja akaandika kadirio lake, kisha wakalinganisha. Baada ya hapo kila kitu kiligeuzwa kuwa mafungu ya tarakimu tano tano kwa mujibu wa msimbo wa kimataifa, yakapelekwa kwa simu ya maandishi au kwa redio. Saa za kazi ziliwekwa ili dunia nzima ipime kwa wakati mmoja, na kwa Afrika Mashariki zikaangukia saa kumi na mbili alfajiri, saa tatu asubuhi, saa sita mchana, saa tisa alasiri na kuendelea hivyo usiku kucha, mvua ya siku ikipimwa saa tatu asubuhi. Kishawishi kikubwa cha zamu ya usiku kilikuwa kupika takwimu, yaani kuandika kipimo bila kutoka nje, na kumtambua mpishi wa takwimu kulikuwa sehemu ya ujuzi wa msimamizi: utambi ulioandikwa kuwa na joto kuliko kipimajoto kikavu ni jambo lisilowezekana kimaumbile, na siku tatu zenye tarakimu zilezile ni jambo la kutiliwa shaka. Wasimamizi hawakuwa wapole, na pengine ukali wao ndio uliozifanya rekodi nyingi za vituo hivyo ziaminike hata leo.

Tatizo la mfumo huo lilikuwa juu ya chumba cha uangazi, si ndani yake. Utumishi wa umma wa kikoloni ulipangwa kwa rangi, Mzungu akiwa juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini, na ingawa tume ya Lidbury ilipendekeza mwaka 1954 kuondolewa kwa vizuizi vya rangi, cheo cha mtabiri kiliendelea kwa muda kuwa cha watu waliokuja na shahada kutoka Uingereza. Hivyo palizuka hali ya ajabu kidogo ya kitaaluma. Mtabiri aliyefundishwa Ulaya alikuja na elimu ya mipaka kati ya hewa baridi na hewa ya joto, iliyostawishwa na wataalamu wa Bergen, Norway, tangu mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na alizoea kusoma upepo kutokana na mistari ya mgandamizo wa hewa kwenye ramani. Karibu na ikweta elimu hiyo haisaidii sana: mipaka ya aina hiyo haifiki, na nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ambayo kwingineko huufanya upepo uambatane na mistari ya mgandamizo, hupungua hadi kutoweka kabisa kwenye ikweta yenyewe. Mtabiri wa Nairobi alilazimika kuchora mikondo ya upepo moja kwa moja na kutegemea kumbukumbu ya namna mvua inavyojengeka juu ya Ziwa Victoria usiku au mabondeni mchana, na kumbukumbu hiyo walikuwa nayo zaidi wale waliokesha vituoni miaka mingi, ambao hawakuruhusiwa kukaa kwenye meza ya ramani.

Gharama ya kutothamini elimu ya mahali ilionekana wazi nje ya idara, katika mradi wa karanga wa Kongwa. Serikali ya Uingereza ilipoamua baada ya Vita vya Pili vya Dunia kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika, Ugogo ilichaguliwa kwa pupa, takwimu za mvua zikiwa chache mno kwa eneo lenye kubadilika namna ile, wakati wenyeji wa Ugogo walikuwa na historia ndefu ya njaa zilizotokana na mvua kukosekana. Kazi ilianza mwaka 1947 na ikaachwa mwaka 1951 baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Udongo mgumu na mashine zisizofaa vilichangia sana, na si haki kuitupia mvua lawama yote. Lakini mradi huo unabaki kuwa ushahidi kwamba tarakimu za miaka michache, bila mtu wa kuzifasiri aliyeijua nchi, ni msingi mbovu.

Upande wa mafanikio upo pia, na mfano wake bora ni puto. Ili kuujua upepo wa juu, mwangazi alijaza puto kwa haidrojeni, akaliachia, na kulifuata kwa theodolaiti, ambayo ni darubini ya kupimia pembe, akiandika pembe zake kila dakika. Kwa kuwa kasi ya kupaa ya puto inajulikana, pembe hizo hugeuzwa kwa hesabu kuwa mwelekeo na kasi ya upepo katika kila kimo. Kazi hiyo hutaka mikono miwili inayoelewana, mmoja kwenye theodolaiti na mwingine kwenye daftari na saa, na kwa hiyo kwa maumbile yake ilikuwa kazi ya kufunzana. Kutokana na vipimo vya namna hiyo vilivyochukuliwa katika vituo vya kaskazini na mashariki mwa Kenya, Garissa ikiwa miongoni mwavyo, John Findlater, mtaalamu aliyefanya kazi katika idara ya Afrika Mashariki, alionyesha katika maandishi yake ya 1966 na 1969 kwamba katika majira ya kusi mkondo mwembamba wa upepo wenye kasi kubwa, mara nyingine ukizidi kilomita 100 kwa saa, huvuka ikweta juu ya mashariki mwa Kenya katika kimo cha kilomita moja na ushei, ukapinda kupitia pwani ya Somalia na kwenda kuipelekea India mvua zake za msimu. Mkondo huo umepewa jina la Findlater katika vitabu vya dunia nzima. Walioshika daftari kule Garissa kwenye joto kali hawatajwi katika vitabu hivyo, ingawa bila wao mkondo usingepata jina.

Uhuru uliikuta idara, iliyokuwa sasa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki chini ya huduma za pamoja za nchi hizo, ikiwa na waangazi hodari na upungufu mkubwa wa watabiri wenyeji. Wakati huohuo anga lenyewe lilikuwa limetoa sababu ya kuharakisha mambo, kwani mvua kubwa mno za mwishoni mwa 1961 zilifuatwa na kupanda kwa maji ya Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964, na hakuna serikali changa iliyoweza kulichukulia jambo hilo kuwa la wageni. Katikati ya miaka ya 1960 chuo cha mafunzo cha Dagoretti Corner, Nairobi, kilifanywa kituo cha kikanda cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO), ambalo lilikuwa limechukua umbo lake la sasa mwaka 1950. Utaratibu wa shirika hilo uliwapanga watumishi katika daraja nne: daraja la IV lilikuwa la waangazi wa mwanzo, la III la waangazi waliobobea, la II la wasaidizi wa watabiri, na la I la wenye shahada. Mpangilio huo unaweza kuonekana kuwa urasimu mtupu, lakini maana yake kwa Afrika Mashariki ilikuwa kubwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza hatua kati ya kibanda cha Stevenson na meza ya ramani ziliandikwa wazi, zikawa na mitihani inayojulikana, na kijana aliyeingia kwa cheti cha sekondari aliweza kuona juu ya kichwa chake vidato vyote vilivyobaki.

Kidato cha juu kabisa kilitaka chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, kiligawa taaluma kwa vyuo vyake vitatu, sheria ikistawi Dar es Salaam, utabibu Makerere na uhandisi Nairobi, na elimu ya hali ya hewa ikawekwa Nairobi, jirani na makao makuu ya idara. Mnamo 1967 alifika huko Godwin Olu Patrick Obasi, Mnigeria aliyepata udaktari wa sayansi MIT mwaka 1963, akiwa mtaalamu wa WMO na mhadhiri. Alibaki hadi 1976, akapanda kuwa profesa, mwenyekiti wa idara ya hali ya hewa na mkuu wa kitivo cha sayansi. Umuhimu wake hauko katika vyeo hivyo pekee. Ujirani wa chuo kikuu na Dagoretti uliwezesha nadharia ya asubuhi darasani kupimwa kwa ramani ya jioni ofisini, na wanafunzi wa kizazi hicho, akiwamo Laban Ogallo ambaye baadaye alikuja kuwa profesa katika idara hiyohiyo, ndio waliokwenda kuwa walezi wa waliofuata. Obasi mwenyewe aliongoza idara ya elimu na mafunzo ya WMO kuanzia 1978, kisha akawa Katibu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa shirika hilo kutoka 1984 hadi 2003.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na idara ya pamoja ikavunjika nayo. Historia ya kuvunjika huko husimuliwa kwa kutaja ndege, mabehewa na meli zilizogawanywa au kugombaniwa, ilhali kwa taaluma hii hasara iliyoumiza ilikuwa ya watu. Makao makuu, chuo cha Dagoretti na idara ya chuo kikuu vyote vilikuwa katika ardhi ya Kenya, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwaka huo na kubaki umefungwa hadi 1983, wakati Uganda ilikuwa chini ya utawala wa Idi Amin na vita iliyofuata. Watumishi walirudi kila mmoja kwao, mara nyingi mwanafunzi upande mmoja na mlezi wake upande mwingine. Tanzania iliunda kurugenzi yake kwa sheria ya 1978 na kuanzisha chuo cha hali ya hewa Kigoma, mwisho wa reli ya kati, kando ya Ziwa Tanganyika. Uganda ikategemea shule yake ya Entebbe. Vyuo hivyo viliokoa vidato vya chini vya ngazi, na vizazi vya waangazi wa Tanzania vimepita Kigoma, lakini kwa kidato cha juu nchi ililazimika kwa muda mrefu kupeleka vijana wake ng'ambo, hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuja kuwa na shahada yake. Faida ya kusoma ng'ambo haipingiki, isipokuwa kwamba aliyerudi na shahada alikuta swali lilelile la mtabiri wa kikoloni likimngoja, yaani mvua za masika na za vuli hazifuati vitabu vya nchi za baridi, na mtu wa kumfundisha namna zinavyokwenda alikuwa, kwa mara nyingine, mwangazi mzee.

Kiungo kilichokatika kiliunganishwa kwa njia isiyotarajiwa, kupitia ukame. Mwaka 1989 nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zilianzisha vituo vya kufuatilia ukame, kimoja Nairobi na kingine Harare, na kituo cha Nairobi kikageuka mwaka 2003 kuwa kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kijulikanacho kwa kifupi kama ICPAC, ambacho Ogallo alikuwa mkurugenzi wake. El Niño ya 1997 na 1998, ambayo ni hali ya kupashwa joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki ikwetani na ambayo safari ile iliambatana na joto lisilo la kawaida upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ilileta mafuriko makubwa, na mwanzoni mwa 1998 likaanza jukwaa la utabiri wa msimu la Pembe ya Afrika. Kabla ya kila jukwaa watabiri vijana wa nchi mbalimbali hukusanywa kwa warsha, kila mmoja akija na takwimu za nchi yake, nao hutengeneza utabiri pamoja chini ya macho ya waliowatangulia. Warsha hizo zinaweza kuhesabiwa kuwa uanagenzi wa kikanda wa kwanza tangu 1977, na kwa maoni ya makala haya zimefanya kazi kubwa zaidi ya ile inayotajwa katika ripoti zake, maana utabiri wa msimu husahaulika msimu ukipita, ilhali Mtanzania aliyebishana na Mkenya na Mganda mbele ya ramani moja hubaki anawajua.

Ni katika mazingira hayo ndipo wataalamu wa Kenya na ICPAC, takriban mwaka 2008, walipoketi na wazee wa Nganyi kulinganisha utabiri wa pande zote mbili na kutoa kauli moja kwa wakulima. Nchini Tanzania Ladislaus Chang'a, pamoja na Pius Yanda na mwenzao mwingine, walichapisha mwaka 2010 utafiti kuhusu elimu ya jadi ya kutabiri mvua katika nyanda za juu za kusini-magharibi. Chang'a baadaye aliongoza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, akimfuata Agnes Kijazi, mwanamke aliyechaguliwa mwaka 2019 kuwa makamu wa tatu wa rais wa WMO. Na mwaka 2023 Chang'a alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi. Watu waliowahi kupita katika zamu za idara zao wamefika mahali ambapo kizazi cha Walter hakikuwazia kuwaona.

Mwanafunzi wa sasa huingia ngazini kwa mlango mwingine. Mafunzo ya vitendo kazini, ambayo wanafunzi wa Tanzania huyaita fildi na wenzao wa Kenya atachimenti, humpeleka kwa wiki kadhaa katika makao makuu, uwanja wa ndege au kituo cha mkoa, na ubora wake hutegemea mno kama pana mtu aliyepangiwa kumlea au kama ameachwa akipiga chapa barua. WMO ilibadilisha daraja zake nne mwaka 2001, ikabaki na makundi mawili, wataalamu na mafundi sanifu, kila kundi likiwa na kifurushi chake cha elimu ya msingi. Na tangu Desemba 2013 watumishi wanaohudumia usafiri wa anga wanatakiwa kuthibitishwa umahiri wao wakiwa kazini, na si kwa cheti peke yake. Kwa masharti hayo mlezi amerudishwa rasmi, safari hii akiwa na fomu ya tathmini mkononi, na hapo pana hatari yake, kwa sababu fomu hujazika upesi kuliko mtu anavyofundika.

Badiliko zito zaidi linatokea chini kabisa ya ngazi. Vituo vinavyojiendesha, ambavyo hupima na kutuma takwimu bila mkono wa mtu, vinaongezeka. Mradi wa TAHMO, unaosambaza vituo vya namna hiyo barani Afrika, umevisimika vingi katika viwanja vya shule, Kenya ikiwamo, ili wanafunzi wazitumie takwimu hizo masomoni. Zebaki nayo inaondoka, kwani Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka 2020 kuwa mwaka wa mwisho wa kutengeneza na kuuza vipimajoto vingi vya zebaki. Kituo kinachojiendesha hakipiki takwimu wala hakisinzii zamu ya usiku, lakini pia hakizalishi mtabiri, na idara itakayowaondoa waangazi wake wote itakuwa imeondoa mahali ambapo watabiri wake wengi wa awali walijifunzia kutazama juu. Taratibu za kitaalamu zinataka chombo kipya kisimame kando ya cha zamani na vyote viwili visomwe pamoja kwa mwaka mmoja angalau, ikiwezekana miwili, ili tofauti zao zijulikane na mfululizo wa rekodi usikatike. Kazi hiyo ya kusoma vyombo viwili kila saa tatu asubuhi kupitia kaskazi, masika, kusi na vuli, na kueleza kwa maandishi kwa nini havikubaliani, inamtosha mwanafunzi wa fildi, na inamhitaji mwangazi wa zamani asimame karibu naye.